Kumtafsiria Mhubiri Maungamo Yake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mdomo wa mtu mwingine. Kila tulipotoka Dodoma mjini kwenda vijijini kwa mikutano ya injili, mhubiri wetu alisema sentensi moja kwa Kiswahili, nami niliyesimama kushoto kwake nikaisema kwa Kigogo. Akaleta ya pili, nikaipokea. Tulikwenda hivyo mpaka jua likainama. Yeye alitoka Nyanda za Juu Kusini na Kigogo hakukijua zaidi ya salamu. Na wasikilizaji wetu, hasa wanawake wazee na wafugaji, walikuwa na Kiswahili cha mnadani tu, cha kuuliza bei na kukataa bei.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mkalimani wa mahubiri hasemi "mhubiri anasema". Husema "mimi". Mhubiri akisema, "Nilikuwa mlevi wa kulala mitaroni," wewe ambaye hujaonja pombe tangu uzaliwe unawaambia watu kwamba ulikuwa mlevi wa kulala mitaroni. Akiinua mkono, unauinua. Akishuka jukwaani kwenda kwa wagonjwa, unashuka naye. Mwanzoni nilikuwa nikisema "anasema", kwa sababu niliona ndiyo sahihi. Akanivuta kando, akaniambia kwa upole, "Fundi, ukisema 'anasema' unaniacha ng'ambo ya mto. Nivushe."

Nikamvusha.

Aliniita fundi kwa kuwa riziki yangu ilikuwa kutengeneza pampu za maji. Nilipunguzwa kazini miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, nikafungua karakana yangu karibu na soko. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea. Ukalimani nilijifunza kwa kuweka Biblia mbili mezani, ya Kiswahili na ya Kigogo, nikizilinganisha mstari kwa mstari baada ya kazi, na pale zilipotofautiana nikawa nawauliza wazee wasiojua kusoma ni lipi wangesema wao. Sikuwa na kipawa kingine kanisani. Sauti ya kuimba sina.

Ilikuwa miaka ya kila kitu kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalijaa sabuni za rangi na redio za kaseti. Mitumba ilimwagwa chini mpaka kandokando ya barabara. Makanisa nayo yalichipua, na letu lilikuwa mojawapo: lilianza kama sala za nyumbani, likapata kiwanja, likaezekwa mabati, kisha likapata spika kubwa, jenereta na pikapu ya kuvibeba. Mengi ya hayo yalikuja kwa sababu ya mhubiri. Alikuwa na kipawa, na sitaki kumnyima hilo kwa sababu ya yaliyofuata. Alikuwa mtu wa kukaa chini na kula mlenda na watu bila kuuangalia mara mbili. Aliweza kumfanya mzee aliyefiwa acheke kabla ya machozi kukauka. Alipomwombea mgonjwa, hata mimi niliyekuwa nikitafsiri niliona nywele za shingo zikisimama.

Habari zilinifikia karakanani. Aliyezileta alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, muuza dagaa sokoni, mwanamke aliyenizidi umri na aliyewazidi wengi ujasiri. Nilikuwa nimeinama juu ya pampu iliyokwama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka spana chini."

"Namalizia hapa kidogo."

"Fundi, nimesema weka chini. Nikikwambia nililokuja nalo itakuangukia mguuni."

Aliketi juu ya gamba la pampu kuukuu, akanieleza. Katika kijiji kimoja upande wa Bahi, ambako tulikuwa tumefanya mikutano mara nyingi, kulikuwa na mjane kijana aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya. Sote tulimjua. Mumewe alipofariki alibaki kwenye kaya ya baba mkwe wake na watoto wake wawili, akilima mpunga kwenye kipande alichoacha marehemu. Mtoto wake mdogo alipougua degedege, mhubiri alimwombea, na mtoto akapona. Baadaye mhubiri akamwambia aje peke yake, kwenye nyumba alikokuwa akilala tulipokwenda huko, kwa maombi ya shukrani. Mjane alikataa. Mhubiri akamwambia kwamba baraka isiyoshukuriwa huondoka, na ugonjwa unaweza kurudi. Mjane akaenda. Yaliyotokea huko yalitokea zaidi ya mara moja.

"Amekuambia mwenyewe?"

"Amepanda lori la samaki kuja kunitafuta sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja. Nilidhani anataka dagaa."

Kisha akaniambia jambo lililokuwa na haraka. Kijijini mambo yalikuwa yamesikika nusu. Nusu iliyosikika ilikuwa kwamba mjane alimtega mtumishi wa Mungu, wengine wakaongeza kwamba alimtengenezea dawa. Baba mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kanisa na hakutupenda tangu mwanzo, alikuwa ameshatoa neno lake: mpunga ukivunwa, mwanamke arudi kwao, shamba lirudi kwenye kaya, na watoto wabaki.

"Nikamwuliza, wewe unataka tufanye nini," mama akasema. "Nilitegemea ataomba tumpige yule bwana. Akasema anataka kitu kimoja. Yule aliyefanya aseme mwenyewe, pale kijijini, mkwewe akisikia."

Wazee wa kanisa tulikuwa watatu: mimi, mama huyo, na mwenyekiti wetu, mstaafu wa reli, mtu mwema aliyeogopa aibu kuliko njaa. Tulikutana kanisani mchana, milango ikiwa imefungwa na joto la mabati likitushukia. Mstaafu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tuseme amekwenda masomoni," akasema. "Aondoke kimya. Tukitangaza, watu wa madhehebu mengine watatucheka mji mzima."

"Wameshaanza kucheka, mzee," mama akajibu. "Ila wanamcheka yule binti."

"Kanisa bado changa, mama."

"Na yeye bado kijana. Ana watoto wawili wanaomwita mama."

Mstaafu akanigeukia. Nilimwambia nilivyoona: kwamba tukisema amekwenda masomoni, tutakuwa tumeunga mkono ile nusu inayosemwa kijijini, kwa sababu mtu asiye na kosa huaga. Akaivua tena miwani. Baadaye akasema, "Basi mwiteni," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo ambao hakuwa ameomba kuubeba.

Mhubiri alikuja. Kwanza alikana, kwa ufasaha mkubwa. Mama alimwacha amalize, kisha akamtajia nyumba, mlango unaoelekea wapi, na maneno kuhusu ugonjwa kurudi. Mhubiri akainama. Kisha akalia. Alipiga magoti kwenye sakafu, na mstaafu naye akaanza kulia, akainuka kwenda kumwinua.

"Mwache kwanza, mzee," mama akasema. "Machozi tumeyaona, mtumishi. Sasa tunataka maneno."

Akayasema. Hayakuwa mengi. Alipomaliza aliomba aende mlimani kufunga na kuomba, ili arudi na nguvu mpya.

"Kurudi wapi?" mama akauliza.

"Kwenye huduma. Mtanitunzia nafasi yangu?"

"Hapana."

Hakulipamba neno hilo wala hakulikazia. Akamweleza kwamba kuanzia siku ile hatahubiri kwetu, kwamba Jumapili mstaafu atalisema jambo hilo kanisani bila kumtaja mwanamke, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda Bahi kusema mbele ya mkwe wa yule aliyemkosea. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza mke wa mhubiri ana unga nyumbani au hana. Nyumba waliyokuwa wakikaa ilikuwa ya kanisa. Tukakubaliana wakae mpaka wapate pengine. Jioni ile akina mama wawili walipeleka unga na dagaa. Mke wa mhubiri alipokea, akawaomba jambo moja tu, asisimamishwe mbele ya watu kando ya mumewe. Hakusimamishwa.

Nilipotoka nje ya kanisa nilisimama kwenye kivuli cha ukuta, nikavuta pumzi. Nilikuwa nimetegemea kuondoka na hasira au huzuni. Nilivyohisi kwa hakika ni kama mtu aliyekuwa akisikia mashine ikigonga vibaya kwa muda mrefu, na sasa imezimwa. Lakini kazi yangu ilikuwa bado. Maungamo yale hayangefika kwa wenyewe bila mkalimani, na mkalimani nilikuwa mimi.

Mama alikataa pikapu. "Hatuendi mkutanoni," akasema. Tukapanda lori lililokuwa likienda kuchukua samaki, kwani mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha vizuri na bwawa la Bahi lilijaa. Mama alipewa nafasi mbele kwa dereva. Mimi na mhubiri tulikaa nyuma juu ya matenga matupu, tumejishikilia. Kila lori liliposimama, mtu alimtambua.

"Bwana Yesu asifiwe, mtumishi! Leo spika ziko wapi?"

"Amina," alijibu, na macho akayaelekeza kwenye nyasi.

Njia nzima nilifikiria neno moja. Ningeweza safari hii kusema "mtu huyu anasema". Hakuna ambaye angenilaumu. Nilitoka kwa watu wale. Wanawake ambao wangenisikiliza walikuwa wa umri wa mama yangu, na Kigogo hakina pazia kwa mambo ya namna ile. Lakini nilikuwa nimesema "mimi" alipojisifu kwamba amefufua waliokata tamaa. Watu wangenishangaa kwa haki kama ningeibadili kawaida siku ya fedheha yake. Tulipoanza kuona maji ya majaruba ya mpunga nilikuwa nimeamua: nitasema "mimi".

Kanisa la pale lilikuwa kuta za matofali ya udongo zilizoezekwa nusu. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa ile nusu ya habari ilikuwa imewakusanya. Akina mama waliketi kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo. Baba mkwe hakuingia. Aliweka kigoda chake mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, fimbo mapajani, shuka begani. Nilimwamkia kwa adabu ya pale, "Mbukwenyi," yeye na waliokuwa karibu naye. Akaitikia kwa pua.

Mjane alikuwa ameketi na kwaya. Nasema na kwaya, lakini mkeka ulikuwa mtupu kila upande wake, na wenzake walikuwa wamesongamana pembeni kana kwamba pale katikati palikuwa na maji yaliyomwagika.

Mhubiri alisimama. Mimi nikasimama kushoto kwake.

"Ndugu zangu," akaanza, "mfalme Daudi alikuwa mtu aliyependwa na Mungu."

Nikatafsiri. Kwa sentensi chache alizungumza kama mtu mwenye aibu. Lakini watu waliitikia "Amina" kwa mazoea, naye akaipokea ile amina kama mtu mwenye kiu anavyopokea kata ya maji. Sauti ikapata miguu. Daudi akapanda darini, Daudi akaona, Daudi akalia, na kitanda chake kikaelea kwa machozi. Mkono wa mhubiri ukainuka. Nikaona na wangu umeinuka. Mpiga ngoma wa kwaya alianza kugusa ngozi kwa vidole. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kuna mtu nyuma alikuwa tayari analia, na hakuwa analia kwa ajili ya yule aliyekaa peke yake kwenye mkeka.

Nilimtazama mjane. Alikuwa akichomoa ukindu kwenye pindo la mkeka, mmoja mmoja. Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa ameshika kigoda kwa mkono mmoja, tayari kuinuka.

"Shetani," mhubiri akasema, "ana wivu na watumishi wakubwa wa Mungu!"

Nikanyamaza.

Alidhani sikusikia. Akairudia, kwa sauti ya juu zaidi. Nikaendelea kunyamaza, nikaushusha mkono wangu. Mtu asiyewahi kuifanya kazi ile hawezi kujua kimya cha mkalimani kilivyo kikubwa. Mhubiri ni mto uliofika kwenye ukuta. Vidole vya mpiga ngoma vikasita. Watu waliojua Kiswahili kidogo wakatazamana, na wasiokijua wakatungoja.

"Fundi," akaninong'oneza. "Tafsiri."

"Hilo sitalitafsiri."

"Kwa nini?"

"Hatukuja kwa ajili ya Daudi."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane niliona hajui la kufanya na mikono yake. Mama, aliyekuwa ameketi mbele miongoni mwa akina mama wa pale, akasema bila kuinuka, "Mtumishi, keti. Mahubiri ndiyo husimamiwa. Shauri husemwa mtu amekaa."

Maneno hayo nikayatafsiri, na wazee kadhaa wakatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwao. Mtu akasogeza benchi. Mhubiri akaketi, nami nikaketi kando yake. Akiwa amekaa, alionekana mtu wa kawaida mwenye shati lililolowa jasho. Maneno yake yakawa mafupi, na mimi nikayapokea moja moja.

"Mtoto wa mwanamke yule aliugua," nikasema kwa Kigogo. "Nilimwombea. Alipopona, nilimwambia mama yake aje kwangu peke yake. Alikataa. Nilimtisha kwamba ugonjwa utarudi. Haikuwa kweli, sikuwa nimeambiwa hivyo na Mungu, nililitunga. Alikuja kwa kumwogopea mtoto wake. Nililala naye. Sikurogwa. Sikutegwa. Nilijua ninachofanya."

Kwa lugha ya mama yangu maneno hayo yalikuwa mazito mdomoni kama mawe ya kisimani. Lakini nilipomaliza niliona kwamba nimeyatoa yote na hakuna lililobaki. Hakuna aliyesema amina.

Bibi mmoja aliinuka. Alikuwa haoni, macho yake yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa macho uliokuwa ukisumbua wengi nyanda zile, na hakukosa mkutano wetu hata mmoja. Alikuja akiwapapasa watu mabega, akifuata alikosikia sauti, na watu wakampisha. Akafika benchini. Mikono yake ikanitafuta, ikatua juu ya kichwa changu.

"Mwanangu," akasema, "sauti yako naijua kuliko ya wanangu wa kuzaa. Umenihubiria miaka yote hii. Umeniumiza sana leo. Lakini umesema wazi, hukujificha. Nimekusamehe."

"Bibi," nikaanza.

"Nyamaza, sijamaliza. Nimekusamehe. Lakini kwangu usihubiri tena. Umesikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa bibi yule, Kiswahili kilichokuwa kikisemwa kando yangu kilikuwa kelele tu za mtu anayeanza kabla ya mhubiri. Mhubiri mwenyewe, kwa masikio yake, nilikuwa mimi tangu siku ya kwanza.

"Bibi, siye huyo!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye magogo. "Ni yule wa pembeni, mnene!"

"Huyo ni bomba tu, bibi! Maji yanatoka kwa yule!"

"Fundi, pole! Leo umezini bila kutoka nyumbani!"

Kicheko kilianzia kwa wanaume, kikashika mikeka, mpaka mama muuza dagaa akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mimi nilicheka mpaka machozi. Bibi alisimama palepale akiwa ameshika kichwa changu, akisikiliza, na alipoelewa hakucheka wala hakuona haya.

"Basi huyo mwingine yuko wapi?" akauliza. "Mkono wangu si bado ninao?"

Nikamshika kiganja, nikakiweka juu ya kichwa cha mhubiri. Akarudia kwake maneno yaleyale, pamoja na lile la mwisho, nami nikamtafsiria kwa Kiswahili: amekusamehe, lakini kwake usihubiri tena. Mhubiri aliinamisha kichwa. "Mwambie nimesikia," akasema. Nadhani lile ndilo jibu fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa.

Baba mkwe hakuwa amecheka. Kicheko kilipotulia alisimama, akaingia ndani kwa miguu yote miwili.

"Mimi si mtu wa hapa ndani," akasema. "Nina swali moja. Huyu mwanamke alipokukatalia, alikukatalia kwa maneno gani?"

Nilitafsiri. Mhubiri akafikiri, kisha akajibu, "Alisema yeye ni mke wa kaya ya watu, na kama ni shukrani ataitoa mchana, mkwe wake akiwapo."

Nikampa mzee jibu lake. Aliichora sakafu kwa ncha ya fimbo. Kisha akageuka, si kwa mhubiri, bali kwa mjane.

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasikia kwa wengine, baba."

Jibu hilo lilimpata. Nililiona likimpata. Alisafisha koo, akawatazama wanawe waliokuwa wameketi kwenye magogo, na akasema kwa sauti ya kutosha wote kusikia: "Neno nililolitoa nimelirudisha. Shamba la marehemu ni la watoto wake, na watoto wana mama. Anayemtaka aondoke aje aniambie mimi." Akasubiri. Hakuna aliyekwenda. "Na wewe," akamwambia mhubiri, akinitazama mimi kwanza kuhakikisha nitaifikisha, "hapa utakula, kwa sababu umekuja mwenyewe. Ukimaliza, kijiji hiki usikijue."

Mjane akaomba kusema. Alisimama mahali pake.

"Sitaki kuombewa," akasema, "na sitaki mtu apigwe. Nataka nikianzisha wimbo, watu wasigeuke kunitazama." Akakaa.

Kisha msichana mmoja wa kwaya akavuta mkeka wake taratibu akasogea, na mwingine akasogea kwa sababu wa kwanza amesogea, na pakawa hapana tena nafasi ya kuweka hata kapu.

Yaliyompata mhubiri baadaye nitayasema hapa ili nisiyarudie. Hakuhubiri tena kwetu. Aliuza mbao kwa muda hapo mjini, akawa anakuja Jumapili na mkewe na kuketi nyuma, na mstaafu wa reli alikuwa akimtembelea kila wiki na kumuuliza maswali magumu kwa sauti ya upole, kazi ambayo sikudhani anaiweza. Kuna waliotuhama wakitulaumu kwamba tumemvunja mtumishi. Kuna waliotuhama wakitulaumu kwamba tumembembeleza. Mikutano yetu ikawa midogo. Waliosimama kuhubiri sasa walihubiri kwa zamu, na wengi wao hawakuwa na ufasaha wowote. Nililala vizuri miaka ile.

Siku ile tulikula kwenye kaya ya mzee: ugali, samaki wa bwawani, mlenda. Mjane alipoinuka kwenda kuleta maji ya kunawa, mkwewe akamwambia aketi, akamtuma mwanawe mkubwa. Kijana akazunguka na birika, akamnawisha mama, akaninawisha mimi, akamnawisha mhubiri, na mwisho akamwinamia shemeji yake, naye akanyoosha mikono bila kumtazama mtu.

Baada ya chakula mjane alitusindikiza kuelekea lori linakopita. Alitembea na mama mbele, wakiongea mambo ya bei ya dagaa na mtoto anayekataa kwenda shule. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama pande zote mbili za tuta. Hatujafika mbali alisimama, akaweka mkono juu ya macho. Upande wa maji, kundi la kweleakwelea, ndege wale walao mpunga, lilikuwa linageuka angani kama moshi, likashuka.

"Samahani, mama, siwezi kufika," akasema. "Wameshuka shambani kwangu."

Akaokota mabonge ya udongo njiani, akavua ndala, akakimbia juu ya tuta akipiga kelele.